Mikono ya Mwamuzi Achola

Kabla sauti haijampotea, Achola alikuwa akisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Akitamka "straiki" nyuma ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji wa besiboli, mbwa wa majirani walibweka, na mzazi aliyekuwa bado anahangaika kuegesha gari nje ya uwanja alijua mchezo umeanza bila kumuuliza mtu. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nyumbani kwake Husby, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, jirani wa ghorofa ya juu aliwahi kushuka kumwomba, kwa adabu zote, kwamba akizungumza na dada yake wa Kisumu kwenye simu afunge angalau dirisha. Achola alicheka, akafunga dirisha, akaendelea kuongea vilevile.

Mchezo wa besiboli hakuukuta Stockholm, alikuja nao. Shule ya wasichana aliyosoma kule Nyanza ilikuwa na timu ya sofboli, ambayo ni ndugu wa besiboli, na mwalimu wao, Onyango, alikuwa mtu wa kanuni hadi kero. Alipowafundisha wasichana kuamua mchezo aliwasimamisha juani na kuwarudishia maneno yaleyale kila Jumatano: macho kwanza, mkono baadaye, mdomo mwisho. Ukiutanguliza mdomo, alisema, utatumia nusu saa nzima kuutetea. Wasichana walimuiga kwa nyuma na kuangua kicheko. Achola naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa.

Alifika Sweden akimfuata mume aliyekuja kusoma. Masomo yaliisha, ndoa nayo ikaisha, na Achola akabaki na binti yao Tracy pamoja na kazi ya kutunza wazee. Jumamosi moja alipita kando ya uwanja akakuta watu wazima wanagombana kuhusu mchezaji aliyefika kituoni, kile kibao cha kona ambacho mkimbiaji lazima akiwahi kabla ya mpira, kwa sababu siku hiyo mwamuzi hakutokea. Alisimama kwenye uzio kwa dakika kumi, uvumilivu ukamwishia. Akaingia uwanjani na mfuko wake wa manunuzi, akauweka chini, akawaambia kijana yule alifika baada ya mpira na hana haki ya kubaki pale. Walimsikiliza. Wangefanyaje, na sauti ile? Miaka kumi na minne imepita tangu siku hiyo, na mwenye kutaka kujua Achola ni nani amkute Jumapili saa saba mchana, barakoa ya vyuma usoni, kibrashi cha kufagilia kibao mfukoni.

Sauti ilimtoka Februari, miaka mitatu iliyopita, baada ya mafua yaliyomlaza wiki nzima. Mafua yalipona, sauti haikurudi. Daktari alimwonyesha kwenye skrini: mkanda mmoja wa koo ulikuwa unacheza, wa pili umelala tu kama mtu aliyegoma kazi. Kilichobaki ni mnong'ono, nao humfikia yule tu aliyesimama karibu.

Kazini hakuharibikiwa na kitu. Wazee wake wengi hawasikii vizuri, na kwa miaka mingi alikuwa ameshazoea kuwaambia kwa mikono kwamba chai iko tayari au kwamba mtoto wao amepiga simu. Shida ilikuwa kwa wenye masikio mazima. Ghafla kila mtu alijitolea kumsemea. Tracy alipokea simu zake zote za vårdcentral, yaani kituo cha afya, na kuzijibu kwa Kiswidi harakaharaka kabla mama hajafungua kinywa. Kanisani akina mama walianza kusema "Mama Tracy anataka wimbo huu" kabla Mama Tracy hajataka chochote. Dukani mtu asiyemjua alimwagizia samaki asiyempenda. Walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mtu mwema huwezi kumfokea, hasa kama huna sauti ya kufokea. Achola alirudi nyumbani na samaki yule, akamkaanga kwa hasira, akamla mzima.

Uwanjani tu ndiko alikobaki yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ukinyooka, ni straiki, mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha, na zikifika tatu anatolewa. Akitulia bila kusogea, ni boli, mpira uliorushwa nje ya eneo, na nne humpa mpigaji kituo cha bure. Ngumi ikipanda, mkimbiaji ametoka. Mikono yote miwili ikifunguka pembeni, amefika salama. Hakuna aliyehitaji kumsaidia hayo.

Misimu miwili ilikwenda hivyo bila neno. Msimu wa tatu Damian akashika ukuu wa waamuzi wa wilaya. Damian alikuwa mstaafu wa posta, mtu nadhifu, mwenye kuamini kwamba kila kitu kilichoandikwa kiliandikwa kwa sababu. Alimtumia Achola barua ya heshima yenye aya nne. Mwamuzi wa nyuma ya kibao, ilisema, hutangaza uamuzi kwa mdomo na kwa ishara, na timu zimeanza kulalamika. Alimshukuru kwa mchango wake wa miaka mingi. Achola aliisoma akiwa amesimama jikoni, na alipofika kwenye neno "mchango" alijua anazikwa akiwa hai.

Alikwenda kumwona, na akakataa kukaa mpaka apewe jibu. Mwishowe Damian alitoa sharti. Achola angesimama nyuma ya kibao katika mchezo mmoja, nusu fainali ya Agosti, ikiwa mwamuzi mwenzake wa vituoni atatamka kwa sauti kila kitu ambacho mikono yake inaonyesha. Damian mwenyewe angekaa jukwaani. Mambo yakienda sawa, Achola atabaki, na fainali ya Jumapili inayofuata ni yake. Yakienda mrama, atavua barakoa na kupewa meza ya kuandika pointi. Achola alikubali kwa shingo upande.

Mwamuzi mwenzake alikuwa Vainqueur, Mkongo wa Södertälje, mji wa jirani, anayefunga magurudumu ya malori kiwandani, kijana wa miaka thelathini na moja aliyefundishwa uamuzi na Achola mwenyewe. Alimwita Yaya, kama kwao Bukavu wanavyomwita dada mkubwa. Siku ya kwanza Achola alinuna, maana kwao Kenya yaya ni mtu wa kulea watoto, na yeye wa kwake alishamlea. Baadaye alilizoea jina, kisha akalipenda. Vainqueur alipoambiwa atakuwa sauti ya Yaya alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Wiki nzima alijizoeza kwenye treni ya abiria, kimoyomoyo, huku akitazama mikono ya watu.

Nusu fainali ilichezwa mchana wa jua, vumbi jekundu likipanda kila mtu akikimbia. Timu ya bluu ilifundishwa na Staffan, mwanamume mwenye kifua kipana ambaye kwa maoni yake hakuna mwamuzi aliyewahi kuuona mpira sawasawa. Tracy alikaa jukwaani safu ya pili, simu mkononi, tayari kukimbia chini kama mama atahitaji kusemewa.

Kwa vipindi vya mwanzo mambo yalikwenda. Achola alinyoosha mkono, na kutoka katikati ya uwanja Vainqueur akapaza sauti. Lakini ilikuwa lazima kwanza aone, ndipo aseme, na katikati ya kuona na kusema palikuwa na pengo. Katika kipindi cha tano Staffan alitoka kwenye benchi lake akalalamika kwamba sauti inachelewa, kwamba wachezaji wake wanangoja kama watu waliokosa basi. Damian aliandika kitu kwenye daftari lake. Vainqueur aliliona daftari lile, na kuanzia hapo akaanza kuharakisha.

Sasa sikiliza kilichotokea kipindi cha mwisho, maana ndicho kilicholeta yote.

Bluu walikuwa mbele, nne kwa tatu. Njano walikuwa na zamu ya kupiga, wawili wao wameshatolewa, na mkimbiaji wao mmoja alikuwa kituo cha pili. Akitolewa mtu mmoja tu, mchezo umekwisha na Staffan ameshinda. Mpigaji wa njano aliupiga mpira ukaenda mbali kulia. Mkimbiaji wa kituo cha pili akafyatuka, akapita cha tatu, akaja nyumbani kwa kasi. Mpira ukarudishwa kwa mdakaji wa bluu, ukafika kabla yake. Mkimbiaji akajitupa chini, mdakaji akamgusa kwa glavu, vumbi likawafunika wote wawili.

Achola ana mazoea aliyoyapata tangu enzi za Mwalimu Onyango. Mkimbiaji anapoguswa, mkono wake wa kulia hukunja ngumi na kupanda mpaka kifuani, hapo husimama na kungoja macho yamalize kazi. Maana mdakaji hana budi kubaki na mpira. Ukimdondoka, aliyeguswa hakuguswa. Ngumi ilipanda kifuani, ikasimama. Achola aliinama ndani ya vumbi akautazama mpira, na mpira ulikuwa chini, unazunguka taratibu kando ya goti la mdakaji. Akafungua mikono yote miwili. Amefika salama, ni nne kwa nne.

Lakini Vainqueur alikuwa ameshaiona ngumi. Hakungoja. "Auti!" alipiga kelele, na kelele hiyo ilisikika mpaka barabarani.

Bluu wakatupa glavu juu na kukumbatiana. Yule mpigaji wa njano, aliyekuwa amepita kituo cha kwanza, akainamisha kichwa na kuanza kutembea kwenda benchi. Nyuma ya vumbi Achola alikuwa bado amefungua mikono, na waliomwona walihesabika: mdakaji aliyekuwa miguuni pake, mkimbiaji aliyelala chali, na mtu mmoja au wawili wa jukwaani. Mkimbiaji alinyanyuka akaonyesha mpira kwa kidole, akipaza sauti kwamba uko chini. Mdakaji aliuokota kimyakimya na kutazama pembeni.

Vainqueur alikuja mbio. Alipoiona mikono ya Achola uso ulimbadilika, na alielewa papo hapo alichofanya. Staffan naye alikuwa njiani. Damian alikuwa anashuka ngazi za jukwaa, na Tracy nyuma yake.

"Yaya, ni kosa yangu," Vainqueur alisema kwa sauti ya chini, akihema. "Lakini tuache tu hivi. Watu wote wamesikia auti. Mikono yako, bon, ni nani ameiona? Ukisema mikono ilisema ingine, watasema mambo hii haiwezi kutembea, watakutoa. Sema tu ni auti, na itaisha."

Hakuwa anatia chumvi. Achola aliyapima maneno yale na kuona kila moja ni kweli. Akikunja ngumi sasa hivi, sauti na mikono vitakuwa kitu kimoja, Staffan atafurahi, Damian atafunga daftari, na Jumapili atakuwa nyuma ya kibao kwenye fainali. Mdakaji hatasema. Njano watanung'unika, lakini njano wananung'unika kila wiki. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kitu hiki ndicho pekee alichobakiwa nacho ambacho hakuna mtu aliyekifanya kwa niaba yake. Angeweza kukilinda kwa ngumi moja tu.

"Wewe uliuona mpira?" alimnong'oneza Vainqueur.

"Hapana. Niliona ngumi yako."

"Basi mpira niliuona mimi." Achola alivua barakoa ili midomo yake ionekane. "Kuanzia sasa usinisemee, Vainqueur. Hata neno moja. Rudi mahali pako."

Kijana alitaka kubisha, akatazama ule uso, akaenda.

Staffan aliwahi kufika. Alisema mengi kwa Kiswidi, na jumla yake ilikuwa kwamba uamuzi ni ule uliosikika, watu mia wameusikia, na mtu hawezi kubadilisha mchezo kwa kupunga mikono kama anayefukuza nzi. Damian alipofika alimshika Achola kiwiko, akamvuta kando kidogo, akamweleza kwa upole kwamba pengine sauti ndiyo ihesabiwe, kwa kuwa imewafikia wengi, na kwamba kufanya hivyo kungerahisisha mambo kwa kila mtu, yeye Achola akiwa wa kwanza. Upole ule! Ni upole uleule wa dukani, na sasa walitaka kumlisha samaki asiyempenda mbele ya uwanja mzima.

Aliutoa mkono wa Damian kwenye kiwiko chake, bila ukali, kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Akatembea mpaka mbele ya kibao, mahali ambapo vumbi lilikuwa limetua na jua linamulika. Akaligeukia benchi la bluu, akafungua mikono kwa upana wake wote, akaiacha hivyo. Akaligeukia benchi la njano, akarudia. Akaligeukia jukwaa, akarudia mara ya tatu, na hapo aliishikilia mpaka mabega yakauma na watu wote wakawa wamenyamaza. Hakuwa akiwaomba wamuunge mkono. Alikuwa akiwaambia.

Kisha akamwonyesha yule mpigaji aliyedanganywa na kelele arudi kituo cha kwanza, kwa kuwa hakuna haki ya kumwadhibu mtu kwa kosa la mwamuzi. Akavaa barakoa. Akachutama nyuma ya mdakaji na kumwelekezea mrushaji kidole: cheza.

Tracy alikuwa amefika kwenye uzio, mdomo wazi, Kiswidi chake kikiwa tayari. Mama alimtazama mara moja tu kupitia vyuma vya barakoa. Tracy akafunga mdomo na kubaki amesimama pale.

Staffan alitangaza kwamba atakata rufaa. Damian alirudi jukwaani, uso umemwiva. Mchezo ukaendelea, na ulikuwa mchezo wa ajabu, kwa sababu hakuna sauti ya mwamuzi iliyosikika tena. Vainqueur alisimama katikati ya uwanja, midomo ameibana, na kwenye vituo vyake mwenyewe akaamua kwa mikono tu, kama anayeshiriki mgomo. Mwanzoni wachezaji walibabaika. Baada ya mipira mitano sita walianza kufanya jambo ambalo hawakuwa wamelifanya mchana kutwa: walimtazama. Mpigaji aligeuza shingo baada ya kila mpira. Mabenchi yakainuka na kusogea kwenye uzio. Hata wazazi waliokuwa wakichezea simu waliziweka mfukoni, maana asiyetazama hakujua kinachoendelea.

Njano hawakufaidi sana. Mpigaji wao aliyefuata alidakwa mpira wake hewani, na mchezo ukaingia kipindi cha ziada wakiwa nne kwa nne. Bluu wakapata pointi moja. Zamu ya njano ikaja, wawili wakatoka, akabaki mmoja, kijana mrefu. Achola alionyesha hesabu kwa vidole: mkono wa kushoto boli tatu, wa kulia straiki mbili. Mpira mmoja tu ndio uliobaki kuamua.

Mrushaji wa bluu aliurusha. Ulikuja chini, ukipinda, ukapita kwenye ukingo wa kibao, na mpigaji akauacha upite. Achola hakuharakisha. Aliuona mpira ukiingia kwenye glavu, akaona pale ulipopita, akayaacha macho yamalize. Ndipo mkono wa kulia ukanyooka, ukakunja ngumi, ukapanda. Straiki ya tatu.

Hakuna aliyetamka lolote, na Staffan alikuwa ameshapaa hewani. Alikimbia kutoka kwenye benchi, ngumi zote mbili juu, akawarukia wachezaji wake na kuanguka nao chini, akipiga mayowe ya furaha. Hakungoja sauti. Siku hiyo, ilipomfaa, hakuulizia sauti.

Achola alikuwa ameketi kwenye benchi la waamuzi akifungua kinga za miguu Damian alipokuja, daftari limefungwa chini ya kwapa. Vainqueur alisimama kando. Kwa mazoea, Damian alimgeukia Vainqueur.

"Mwambie," alianza kwa Kiswidi, "kwamba sharti letu lilikuwa wazi, na kwamba nina wasiwasi kuhusu Jumapili."

Vainqueur alitazama viatu vyake. Damian alingoja. Vainqueur aliendelea kuvitazama, kama viatu vyenyewe ndivyo vilivyoulizwa. Tracy, kwenye uzio, alikuwa na jibu tayari mdomoni na akalimeza. Damian aliona aibu, na mwisho hakuwa na la kufanya ila kugeuka, kuinama, na kumtazama Achola mwenyewe usoni. Akarudia maneno yake. Akaongeza swali: kwenye fainali, bila mtu wa kumsemea, timu zitajuaje alichoamua?

Achola alimaliza kufungua kinga ya mguu wa pili. Kisha alinyoosha kidole kuelekea katikati ya uwanja, ambako Staffan alikuwa bado amebebwa mabegani, akiimba, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Muulize yule alisikia nini," alinong'ona.

Damian alimtazama Staffan. Alifungua daftari, akalifunga tena bila kuandika kitu. Aliagana nao kwa adabu akaondoka na daftari lake. Wiki ile Achola hakupokea barua wala simu, na Tracy, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, hakujitolea kumpigia mtu yeyote ili kuuliza.

Jumapili Achola alipanda treni ya chini ya ardhi na begi lake, akabadilisha mjini, akafika uwanjani saa sita na nusu. Vainqueur alikuwa ameshafika, amesimama katikati ya vituo, midomo ameifunga. Achola alitoa kibrashi mfukoni, akafagia kibao, akavaa barakoa, akachutama. Alingoja aone kama kuna mwamuzi mwingine atakayetokea na kumwambia ondoka. Saa saba ilipogonga hakuna aliyekuja, akamnyooshea mrushaji kidole.